Mluzi wa Ng'ombe Aliyekufa

Naapa kwa pensheni yangu, na kwa meno yangu ya mbele ambayo mengi bado ni ya kwangu, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Humu ndani yamo maneno ya uongo niliyowaambia watu. Nitayaweka kama nilivyoyasema, maana kwamba niliyasema ni kweli pia.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita sikulaumu, ila nitakufupishia. Mimi ni Ebenezer, gadi mstaafu wa treni, mkazi wa Mkonze. Mwaka ule wa ukame nilimuaga mke wangu Dorkasi nikasema napeleka ng'ombe kutafuta malisho. Nikawafikisha Mpwapwa, zizini kwa rafiki yangu Matonya.

Kuweka ng'ombe kwa rafiki ni jambo la kawaida kwetu Wagogo. Yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki na ng'ombe wako, na ugonjwa ukiingia kwenye zizi lako haukumalizi. Lisilo la kawaida ni nililofanya baada ya hapo. Nilirudi nyumbani peke yangu na ngozi moja begani, nikasema wamekufa wote.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya kadi. Tangu mji ulipoanza kutufuata huku pembeni, haikupita wiki bila kuletewa kadi ya mchango. Harusi, kipaimara, mahafali ya mtoto anayemaliza chekechea. Mleta kadi alikuwa ananitazama mimi mara moja, na zizi mara mbili.

Zizi lilipokuwa tupu, kadi zikakoma. Zikaja pole. Kanisa liliniombea. Jirani alinipa debe la uwele, nikalipokea kwa mikono miwili huku nalia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya furaha.

Ng'ombe wenyewe walikuwa wangapi? Hilo sitalisema hata gazetini. Mke wangu anasoma.

Sasa tuendelee.

Erica, binti wa dada yangu Penina, alikuwa amepanda bodaboda kutoka chuoni kwenda kwa mama yake Ihumwa. Lori likawapiga kikumbo. Dereva wa bodaboda akaamka, akafuta vumbi. Erica hakuamka. Mguu wake wa kulia ulivunjika vipande.

Daktari alimwambia Penina kwamba mguu unataka kuwekewa chuma, na bima ya mtoto haikufika kwenye chuma. Fedha ipatikane kufikia Jumatatu. Jumatatu ikipita, mguu ungekatwa chini ya goti.

Penina ni mjane. Anauza chai na maandazi kwa mafundi ujenzi. Alinipigia simu.

"Kaka, Jumamosi ukoo unakaa kwangu."

"Nitakuja, dada. Ila hali yangu unaijua."

"Naijua, kaka. Wewe njoo tu. Ndiye mjomba wake."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Jumamosi nilivaa koti langu la zamani la kazi, lililotoboka viwiko, na katambuga za tairi. Dorkasi akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Mbona una koti zima kabatini?"

"Lile ni la kuzikiwa."

"Nani kakuambia nitakuzika na koti, Baba Elieza?"

Niliona siku imeanza vibaya.

Tulikuta wamefunga hema uani, viti vya plastiki vimepangwa. Upande wa pili wa uzio ni reli mpya ya treni ya umeme. Mwenyekiti alikuwa Luka, kaka wa marehemu mume wa Penina, mtu mnene ambaye mwaka jana tu aliuza viwanja viwili kwa wageni kutoka Dar es Salaam.

"Ndugu zangu," Luka alianza, "sitaki hotuba. Kuna mguu wa mtoto. Ama unabaki, ama unaondoka. Kila mmoja aseme ana nini."

Nimekagua tiketi maisha yangu yote. Nikwambie nilichojifunza: gadi akiingia behewani, abiria asiye na tiketi ndiye wa kwanza kusinzia. Siku ile chini ya hema watu wazima wote walishikwa na usingizi kwa pamoja. Huyu anatazama kiatu. Yule anasoma simu ambayo haijawaka. Kila mmoja alikuwa anapiga hesabu ya mfuko wa mwenzake.

Luka akajitaja mwenyewe kwa sauti kubwa. "Mimi natoa mbuzi wawili."

Mwenye viwanja, mbuzi wawili. Nilisikia moyo wangu unatulia kabisa. Kama tajiri ametoa mbuzi wawili, maskini atadaiwa nini?

Wengine wakatoa gunia la alizeti, kuku, fedha kidogo kidogo. Jumla ikafika nusu, ikakwama.

"Shemeji Ebenezer," Luka akasema. "Mjomba wa damu. Tunakusikiliza."

Nikasimama taratibu, nikashika kiuno, ingawa hakikuwa kinauma.

"Ndugu zangu, mnanijua. Ukame ulinipiga nikabaki na fimbo ya kuchungia. Fimbo haina bei. Nilichonacho ni maombi."

"Maombi tunayo mengi hapa, shemeji. Yanakaribia kuzidi watu."

Watu wakacheka. Nikakaa. Nilijua kicheko kitapita, na ng'ombe watabaki. Hesabu ilikuwa nzuri.

Ndipo Dorkasi aliposimama pembeni yangu.

"Mume wangu hana kitu, na si kosa lake," alisema. "Mimi nina cherehani. Ni nzima, inashona. Andikeni cherehani."

Nilimvuta kitenge. "Mama Elieza, kaa chini. Cherehani ndiyo inayotulisha."

"Tutakula maombi yako," akanijibu kwa sauti ya chini, akaondoka kwenda kuwasaidia wanawake jikoni nje, wanakochemsha chai.

Nataka uelewe vizuri nilikuwa wapi wakati ule. Nilikuwa na neno moja mdomoni. Ningelisema, mguu wa mtoto ungepona, na cherehani ya mke wangu ingebaki dirishani pale ilipo. Lakini ningelisema, kila mtu pale angejua kwamba nilikula uwele wa msiba usiokuwepo. Nikalimeza lile neno.

Penina hakunitazama. Alikuwa anakunja ncha ya kanga yake, anakunjua, anakunja.

Ndipo tuliposikia kenta inapiga honi getini.

Akashuka Matonya. Amenyoa ndevu, amevaa kofia ya pama, viatu vinang'aa. Nyuma ya gari, amefungwa kamba, alisimama ng'ombe jike mwekundu mwenye baka jeupe usoni kama mtu aliyepakwa chaki.

Alikuwa Kiberenge.

Nilimpa jina hilo kwa heshima ya kile kigari cha mafundi wa reli, maana alipokuwa ndama alikuwa mfupi na hakai mahali pamoja. Mama yake alikufa kweli, si kwa ule ukame wangu. Nilimlea kwa chupa. Ng'ombe huyu aliwahi kusimamisha treni ya mizigo stesheni ya Kikombo kwa kumtazama dereva tu, na dereva yule akaenda kuombewa. Ukibisha, shauri yako.

"Mbukwenyi, ndugu zangu," Matonya akasalimia ukoo, kofia kifuani. "Mimi ni Matonya wa Mpwapwa, rafiki wa nyumba hii. Nimesikia habari ya mtoto wetu. Sina mengi. Nimeleta ng'ombe."

Hema lote likapiga makofi. Penina akasimama, mikono imefunika mdomo.

"Matonya," akasema, "wewe si ndugu yetu wa damu."

"Damu ni nini, Mama Erica? Wako wenye damu na wamekaa."

Na akanitazama. Naapa, mtu yule alinitazama na kunitabasamia.

"Mnaona?" Luka akadaka. "Huyu ndiye mwanamume. Katoka Mpwapwa na ng'ombe. Mjomba katoka Mkonze na koti. Shemeji, mpigie makofi mwenzako."

Nikapiga makofi. Nimewahi kula chakula kibaya katika stesheni nyingi, lakini hakuna kilichonishinda kumeza kama makofi yale.

Nilipopata nafasi nikamvuta Matonya nyuma ya choo.

"Yule ni ng'ombe wangu."

"Wako yupi?"

"Usinitanie. Kiberenge."

"Kiberenge alikufa, Ebenezer. Nilikuja kwako kukupa pole. Nilikula wali wa msiba wake."

"Matonya, nakuomba."

"Unaniomba nini? Niende pale mbele niseme si wangu, ni wako? Twende. Nakushika mkono, twende sasa hivi."

Sikwenda.

"Kwa nini usilete wako?" nikamuuliza.

"Wangu nawapenda." Akarekebisha kofia. "Na dada yako ni mjane mwenye adabu. Nimekaa peke yangu muda mrefu."

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Mtu huyu alikuwa anamchumbia dada yangu kwa ng'ombe wangu. Na akikubaliwa, mahari ataileta kwangu mimi, kaka mtu. Ataileta na nini? Zizi lake lilikuwa limejaa ng'ombe wangu. Ningepokea ng'ombe wangu mwenyewe kwa mikono miwili na kushukuru.

Tuliporudi uani, Luka alikuwa amekwisha kumwita Hashimu, mnunuzi wa mifugo wa jirani. Hashimu alimshusha Kiberenge, akamzunguka, akambonyeza nyonga.

"Nyama ipo," akasema. "Nitatoa fedha taslimu sasa hivi. Ila bado haifiki mnakotaka."

"Inapungua sana?" Penina aliuliza.

"Si haba, mama. Lakini inasogeza."

Hashimu akaanza kumvuta. Wakati ule ule treni ya umeme ikapita nyuma ya uzio, ikapiga honi ndefu.

Kiberenge hakuijua treni ile. Aliijua ile ya zamani, inayotangaza ujio wake kwa moshi na kelele kutoka mbali. Hii ilitokea ghafla kama tusi. Akaruka, kamba ikachomoka mkononi mwa Hashimu, akaangusha viti, akaelekea jikoni.

Na jikoni alikuwapo Dorkasi, ameligeuzia hema mgongo, ameinama juu ya sufuria kubwa ya chai inayochemka.

Wanawake wakatawanyika. Dorkasi hasikii vizuri sikio la kushoto. Hakugeuka.

Vidole viwili vikaingia mdomoni mwangu. Sikuviita. Nikapiga mluzi wa gadi: mfupi, mfupi, mrefu. Ndio mluzi niliowazoeza ng'ombe wangu wote tangu utotoni.

Kiberenge akasimama. Vumbi likampita, yeye akabaki. Akageuka, akaja kwangu kwa mwendo wa mtu anayerudi nyumbani, akaingiza pua katika mfuko wa kulia wa koti langu.

Mfukoni mle ndimo nilimokuwa naweka chumvi yake. Koti nililolivaa ili nionekane fukara ndilo lililonifunga. Aliulamba mfuko, akautafuna, akauchana, na ukoo mzima unatazama.

Watu wameniuliza tangu siku ile: ulipiga mluzi kumwokoa mkeo au kumwokoa ng'ombe wako asiungue? Mke wangu ameniuliza zaidi ya wote. Ningependa kujibu. Nimejikagua kama ninavyokagua behewa, kiti kwa kiti, na jibu silioni.

Dorkasi alikuja polepole, mwiko mkononi.

"Kiberenge," akaita.

Ng'ombe akatega sikio.

"Mama Elieza, ng'ombe wenye baka usoni ni wengi."

"Na wanaoujua mfuko wa koti lako ni wangapi?"

"Huyu atakuwa mdogo wake. Wamefanana."

"Mama yake si alikufa akimzaa yeye?"

"Mdogo wa upande wa baba."

Luka akavuta kiti, akakaa vizuri. "Endelea, shemeji. Una kipaji."

Lakini Dorkasi hakuwa anacheka. "Ile ngozi uliyoniletea ukisema ni ya Kiberenge. Ile ninayokalia nikibangua karanga. Nilikuuliza mbona nyeusi, na Kiberenge alikuwa mwekundu, ukaniambia imeunguzwa na jua. Ni ngozi ya nani?"

Sikuwa na mahali pa kukimbilia. Nyuma yangu alikuwa ng'ombe, mbele yangu mwiko.

"Sijui jina lake," nikasema. "Niliinunua mnadani."

Walicheka, kisha kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu Penina alikuwa amesogea. Hakupaza sauti.

"Kaka, mguu wa mwanangu ulikuwa unakatwa. Na wewe umekaa kwenye kiti kile, ng'ombe unao."

"Nilidhani wengine watatoa."

"Wengine nani?"

"Wengine tu, Penina. Nilimtazama Luka, nikasema ametoa mbuzi wawili, basi hali si mbaya kiasi hicho."

Luka akakohoa. Watu wakamgeukia yeye sasa, na yeye akagundua kwamba kiatu chake kina vumbi. Alikifuta kwa muda mrefu. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, kwamba amekumbuka kuna fedha kidogo ya kiwanja ilibaki, ataileta. Na mtu wa nyuma akakumbuka kitu. Na mwingine. Hakuna aliyewapigia mluzi, lakini nadhani kila mmoja alihofia kwamba yupo anayeujua mluzi wake.

Penina akamgeukia Matonya. "Na wewe. Umekuja kunionyesha wema wa ng'ombe wa kaka yangu."

Matonya akavua kofia. "Sawa, Mama Erica. Ng'ombe ni wake. Lakini mwenye ng'ombe hakumleta. Nisiye mwenyewe ndiye niliyemleta. Kati yetu wawili, nani alikuja kumsaidia mtoto?"

"Ulikuja kujisaidia mwenyewe."

"Ndiyo. Na mtoto angepata chuma."

Nilitaka kumjibu mimi, nikakuta sina hata neno moja safi la kuanzia.

Luka akatoa hukumu, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo kuliko asubuhi. "Kiberenge ni mchango wa mjomba. Cherehani ya shemeji yetu Dorkasi ifutwe, ibaki kwake. Na kwa kuudanganya ukoo na kula pole za bure, shemeji utatoa faini. Fahali mmoja."

"Fahali nimtoe wapi?" nikauliza. "Huyu alikuwa wa mwisho. Naapa."

"Unaapa kwa nini?"

"Kwa pensheni yangu."

Hashimu akanyoosha mkono, anataka kamba. Dorkasi akamzuia. "Ampe mwenyewe."

Nikaishika kamba. Kiberenge bado alikuwa anautafuta mfuko, ingawa mfuko haukuwapo tena, umebaki uzi. Nikamshika shingo mara moja, nikampa Hashimu kamba, na Hashimu akahesabu fedha mkononi mwa Penina, si mwangu. Ng'ombe alipofika getini aligeuka. Sikupiga mluzi. Hiyo ndiyo fedha ngumu kuliko zote nilizolipa siku ile, na hakuna aliyeiona.

Penina alijumlisha. Akajumlisha tena.

"Bado," akasema. "Pamoja na yote, bado haijatosha. Na kesho kutwa ndiyo Jumatatu."

Dorkasi akafuta mikono kwenye kitenge chake. Kwa miaka yote niliyokaa naye nimemwona akikasirika, akinuna, akinitupia sahani. Siku ile hakufanya hata moja. Alikuja akanitoa jani begani, kwa upole ulionitisha.

"Baba Elieza, wale ng'ombe wote uliwazoeza mluzi ule ule?"

"Wale waliokufa?"

"Ndiyo. Wale waliokufa."

Nikasema ndiyo, kwa sababu kila mtu wa Mkonze alikuwa akinisikia jioni nikiwaita.

"Basi kesho asubuhi, mimi na wewe na shemeji Luka tunapanda basi la Mpwapwa. Tutasimama mbele ya zizi la Matonya. Sitakuuliza ni wangapi. Sitaki kiapo. Utapiga mluzi mmoja tu." Akanishika mkono, akanielekeza kwenye basi ambalo bado halikuwapo. "Watakaokuja kwako ni wa mguu wa Erica."

Matonya, ambaye tangu alipofika hakuacha kutabasamu, aliacha. Akaja akaninong'oneza.

"Ebenezer. Wa kwangu nao wameuzoea."

"Wameuzoea nini?"

"Mluzi. Nilijifunza kwako. Ndio ninaowaitia wote."